Picha ya Dirishani

4 Machi

Nyuki, mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Goti lake limepungua kuvimba na ulimi umerudi palepale. Jana amemfukuza muuza sabuni mpaka getini. Nakuandikia barua pepe kwa sababu unajua mimi na simu hatupatani tangu sikio la kushoto lilipokufa. Ukiniambia "nimefika," nasikia "nimepika," halafu nakuuliza umepika nini.

Juzi alikuja studio mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Usingizi umemhama, akaniuliza kama namjua mshauri nasaha mzuri. Nikamwambia ninaye wa damu yangu. Nikafungua tovuti ya kituo chenu kwenye kompyuta ili nimwonyeshe. Nikatafuta weee, jina lako halipo. Mwisho nikaliona jina la bibi mzaa mama, nikajua lazima ni wewe. Lakini yule mwanamke aliyekaa juu ya jina la bibi ni nani?

Mimi nimeanza kupiga nyuso za watu wewe hujang'oa meno ya utoto. Ile siyo picha, ni uji. Ngozi haina hata kitundu kimoja. Pengo lako la mbele limezibwa. Kovu la kidevuni, lile ulilolipata kwa baiskeli yangu, limefutwa kana kwamba hukuwahi kuanguka. Na hereni moja imeyeyukia shingoni, wala hakuna aliyeona! Mwalimu aliitazama akasema, "Mrembo, lakini sijui ningemwambia nini." Akaaga.

Sasa nisikilize. Mtu anayekuja kwako anakuja na jambo ambalo hajamwambia hata mkewe. Kabla hajakaa kwenye kiti chako, anatazama uso wako usiku na mchana akijiuliza kama ataweza. Ukimdanganya hapo, atakuamini wapi? Mwombe mkurugenzi wenu aniite. Nitakuja na taa zangu, niwapige washauri wote bure, nauli juu yangu. Au niwatumie ile niliyokupiga hapa nyumbani ulipokuja kumwona mama, umekaa kwenye stuli, kicheko kimekushika nusu. Ile ndiyo wewe.

Kaka yako,
Lenzi


9 Machi

Kaka Lenzi,

Shikamoo, na ya mama mfikishie. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka wa mapokezi akachungulia. Hereni kweli imeyeyuka. Sikuwa nimeiona.

Picha zile ni uamuzi wa mkurugenzi, mimi sina sauti. Kila mshauri alitoa picha chache za simu, akili bandia ikatutengeneza sote tuna koti la rangi moja na ukuta mmoja nyuma. Ni rahisi na ni haraka, na wapo wateja wanaoona utulivu wakiona tumefanana. Jina la bibi nimelitumia kwa kumuenzi tu. Usilifanye kuwa jambo.

Usije kwa sasa, kaka. Kituo kiko kwenye ukarabati, vumbi litakuharibia lenzi. Wateja wa huko usinielekezee, nimejaa. Na ile picha ya kwenye stuli nilikubali kwa ajili ya mama. Iweke kabatini kwake. Usiitume kwa mtu, usiitundike popote. Niahidi. Siyo kwamba siipendi.

Ndimi mdogo wako,
Nyuki


17 Machi

Ndugu Mpiga Picha,

Nakushukuru kwa barua yako na kwa moyo wako wa kutaka kutupiga picha bila malipo. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Nitakuwa mkweli. Mimi binafsi nilitaka picha za kupigwa na mtaalamu, na hata siku ya kazi hiyo tulishaipanga. Aliyesimama kikaoni akataka picha za akili bandia ni dada yako. Alizungumza kwa hisia ambazo hatukuwahi kuziona kwake, na wenzake wakamkubalia. Sikumuuliza sababu, kwa sababu ni mfanyakazi wangu bora na hajawahi kuniomba kitu kingine.

Ila usemalo ni kweli. Wiki iliyopita mteja mmoja alikaa mbele ya dada yako, kisha akauliza mshauri aliyeandikiwa kumwona atafika saa ngapi.

Ukiweza kumshawishi, mlango wangu uko wazi.

Wako,
Mkurugenzi wa Kituo


22 Machi

Nyuki,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia panapouma. Mkurugenzi wako amenijibu. Kumbe ni wewe. Yeye alitaka mpiga picha, na wewe, dada wa mpiga picha, uliyesomeshwa kwa picha za pasipoti, ndiye uliyesimama kikaoni ukasema kompyuta inatosha. Halafu ukanitazama kwa barua ukanidanganya. Ungeniambia tu, "Kaka, kazi yako imepitwa na wakati." Ningenuna wiki moja yakaisha.

Kwa hasira nilifanya jambo, na sijutii. Nilikwenda kabatini kwa mama nikaichukua picha yako ya kwenye stuli. Nikaichapa kubwa, nikaitundika dirishani studio, pale barabara nzima inapopita. Chini nimeandika: HUU NI USO WA MTU. Watu wanasimama, Nyuki. Mwanasheria wa ghorofa ya juu, aliyekuwa ameshajitengenezea yake kwa simu, ameshuka kuniomba nimpige.

Na sikiliza hili. Juzi aliingia bwana mmoja, mtanashati, shati limenyooka, sauti ya chini ya mtu mwenye malezi. Alisimama kwanza nje mbele ya picha yako kwa muda mrefu. Akaingia, akaomba picha za pasipoti. Nilipokuwa nawasha taa akauliza, "Huyu dada wa dirishani unamfahamu?"

"Kwa nini?"

"Alitusaidia sana, mimi na mke wangu. Tulikuwa pabaya. Nimemtafuta nimshukuru, kila mtu ananiambia amehama, hajulikani alipo."

"Ni mdogo wangu, tumbo moja," nikamwambia.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikaribia kulia. Nikamfungulia tovuti ya kituo chenu. Akainamia kompyuta.

"Huyu?" akasema. "Ukurasa huu nimeupitia mara nyingi sana. Huyu nilikuwa namruka kila mara."

Unaona sasa! Mtu uliyeishi na matatizo yake miezi mingi, uso wako wa kompyuta ukamfanya akupite kama mti. Unataka ushahidi gani tena? Amesema atakuja huko kukushukuru ana kwa ana. Mpokee vizuri, na ukimaliza kumpokea, niombe radhi.

Lenzi


23 Machi

Kaka,

Ishushe ile picha kabla hujaendelea kusoma.

Sasa nijibu, kimoja kimoja. Ulimtajia mji? Ulimwambia ninakaa mtaa gani? Anajua kwamba mama anaishi nyuma ya studio? Alikuwa peke yake?

Aliyoyasema mtu chumbani mwangu siwezi kukwambia, hata wewe. Naweza kukwambia hili tu. Yule hakuja kushukuru. Mimi nilihama huko kwa sababu yake, na kuna mtu mwingine aliyehama kabla yangu kumkimbia, akiwa na mtoto mkononi. Hanitaki mimi. Anataka nimfikishe kwa huyo mtu.

Nilikudanganya kuhusu mkurugenzi kwa sababu ukweli haukuwa wangu peke yangu. Kazi yako haijapitwa, kaka. Sura ile ya kompyuta niliichagua kwa kuwa haifanani na mimi. Niliirudia na kuirudia mpaka nikawa na hakika kwamba hata mama asingenijua.

Nyuki


24 Machi

Mdogo wangu,

Nimeishusha. Nimeigeuza uso ukutani, halafu nikaona haitoshi, nikaichana.

Nakujibu. Mji nilimtajia. Mtaa sikumtajia, ila nilimwambia unakwenda kazini kwa miguu maana ni karibu, tulikuwa tunacheka kwamba tangu utotoni unaogopa baiskeli. Mama hakumwona, lakini alimsikia akiimba nyuma, akauliza, nikamwambia ni mama yetu. Alikuwa peke yake. Kitu kingine sikumpa.

Nakuambatishia picha yake ya pasipoti. Wape mlinzi na wa mapokezi. Siku ile niliisifu kwa utulivu wake, mtu hapepesi hata taa ikimulika. Leo nimeitazama tena nikaifunga haraka.

Niambie nifanye nini. Nije?

Lenzi


2 Aprili

Kaka,

Amekuja.

Mlinzi alimjua kwa picha uliyotuma, akamzuia mlangoni. Hakugomba. Alisema, "Nimemletea mshauri salamu za kaka yake, nitakaa tu hapo nje." Akakaa kwenye benchi la ng'ambo ya barabara na miguu amekunja, kama mtu anayesubiri nguo zake kwa fundi. Polisi walipofika walimkuta anakula chungwa. Hakuwa amevunja sheria yoyote, wakamwambia aondoke, akawashukuru. Kesho yake hakurudi, nikapumua. Nilikosea kupumua.

Alikuwa anazunguka maduka ya mtaa huu na picha yangu mkononi. Ile ya kwenye stuli, kaka. Saizi ya mfukoni, nyuma ina muhuri wa studio yako. Uliniambia kitu kingine hukumpa.

Hakuuliza ninakaa wapi. Aliuliza, "Dada huyu huwa anatembea na nani?" Mama anayeuza vitambaa pale kona, mtu mwema kabisa, akamjibu kwamba jioni nyingine huonekana na mwanamke mwenye mtoto anayevaa sare ya kijani. Shule ya sare ya kijani ni moja tu.

Jana mtoto hakurudi nyumbani. Mwalimu wa zamu anasema alichukuliwa na baba yake, na kweli ni baba yake, hata mtoto alimwita baba. Leo asubuhi nimekwenda kwa mama yake nikakuta mlango umerudishiwa, sufuria bado ya moto. Ameniachia ujumbe kwenye simu: "Nimekwenda. Usinitafute, ataudhika."

Sijui wako wapi. Sina hasira na wewe, sina nafasi ya hasira. Funga mlango wa nyuma kwa mama.

Nyuki


5 Aprili

Bwana Mpiga Picha,

Habari za siku nyingi. Natumaini mama mzazi hajambo, sauti yake bado iko masikioni.

Zile picha za pasipoti zilitoka vizuri sana. Nakuandikia kukupa habari njema: mimi na mke wangu tumepatana, shukrani kwako na kwa dada yako. Wakwe zangu wamesikia maneno mengi ya uongo, kwa hiyo nataka wapate picha waitundike sebuleni wapumzike. Tutafika kwako Jumamosi mchana, sisi wawili tu. Mtoto tumemwacha kwa dada yangu, huko anatii zaidi.

Mke wangu hapendi picha, lakini nimemwambia una mkono mwepesi. Atatabasamu.

Rafiki yako


6 Aprili

Kaka,

Nimeisoma barua yake uliyonipelekea. Najua unataka kumjibu asikanyage kwako. Usimjibu hivyo. Mjibu kwamba karibu, mashine zote ziko tayari.

Kazi yetu inaturuhusu kuvunja siri pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini, na mimi nimeivunja yote. Nimekaa na afisa wa polisi anayeshughulikia mambo ya familia, mwanamke asiyesema sana. Nyumba ya dada yake yule bwana wanaitafuta. Afisa anasema baba akikamatwa kabla mtoto hajapatikana, mtoto anaweza kuhamishwa na tusimwone tena. Kwa hiyo vyote viwili lazima viende pamoja. Afisa atafika kwako kesho kutwa na atakueleza. Fanya anavyokwambia, usiongeze la kwako.

Mama apelekwe kwa shangazi leo.

Nyuki


13 Aprili

Nyuki, mdogo wangu,

Kwanza ile kopi ya mfukoni. Nilimpa, ndiyo. Aliniomba nikampa, tena nikakataa malipo yake, nikiona raha kwamba kuna mtu anataka picha yangu na si ya mashine. Ulipouliza niliona aibu. Sina la kuongeza hapo.

Afisa alikusimulia kwa simu, lakini yeye alikuwa nyuma ya pazia. Niliyekuwa mbele ni mimi, nami nataka uijue ilivyokuwa.

Walifika mchana kama alivyosema. Mwanamke amevaa gauni jipya, mikunjo ya dukani bado imo. Yule bwana alikuwa amemwekea mkono shingoni kwa nyuma, vile mtu anavyomshika mpenzi wake, ila vidole havikutulia. Nikawakaribisha soda. Akakataa kwa niaba ya wote wawili.

Afisa alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, kajifanya msaidizi wa vipodozi. Wenzake wengine walikuwa kwenye gari nje, na wengine njiani kwenda kwa dada yake yule bwana, nyumba ilikuwa imeshapatikana. Kazi yangu ilikuwa moja: kumweka kitini mpaka simu iseme mtoto yupo. Kwa kuwa sikio langu si la kutegemewa, tulipatana kwamba habari ikija, pazia litafunguka lote.

Nikasema, "Shemeji uso unang'aa, aende kwa binti yangu wa poda."

"Yuko sawa," akasema.

"Kwa picha ya kutundikwa ukweni? Watasema anatoka jasho. Watasema ana hofu."

Hapo akafikiri. Akauondoa mkono shingoni. "Dakika moja," akamwambia mkewe, na yule mama akaenda akitembea kama mtu anayevuka maji asiyoyajua.

"Wewe tukupime mwanga," nikamwambia. Akakaa. Nikaanza. Kidevu juu kidogo. Bega la kushoto. Shika mikono. Tena, bwana, umepepesa.

"Sipepesi," akasema.

"Umepepesa kidogo. Tena."

Alikuwa anatabasamu lile tabasamu aliloingia nalo siku ile ya kwanza. Nikabonyeza. Nikabadilisha taa isiyohitaji kubadilishwa, nikabonyeza. Jasho langu lilikuwa linaingia kwenye kamera. Nikamwambia ana sura ya kupendwa na kamera, ningemwambia lolote. Akamwita mkewe. Akamwita tena, sauti ileile ya chini.

"Anakuja," nikasema. "Nitazame mimi."

Akanitazama. Nyuki, nilikuwa nimefumba jicho moja, lingine liko kwenye kitundu cha kamera, sikuwa na pa kwenda. Niliona adabu ikimtoka usoni taratibu, kwanza mdomo, halafu mashavu, mwisho macho. Hakupiga kelele wala hakusimama. Nimepiga maharusi na maiti na watoto wanaolia, lakini sura ile sijawahi kuiona. Nikaendelea kubonyeza kwa sababu kidole kilikataa kuacha. Nikawaza kwamba yule mama ameshaiona sura hii mezani, ameiona akiamka asubuhi, na hakuwa na kamera ya kujifichia.

Ndipo pazia likafunguka.

Mtoto alikutwa anaoga. Hana jeraha. Yeye na mama yake wamepelekwa mahali ambapo sikuuliza, na wewe usiniambie hata ukijua. Mama yetu amegoma kubaki kwa shangazi, anasema hawezi kulala nyumba yenye saa ya ukutani. Afisa amezichukua picha zote. Anasema kesi itachukua muda mrefu, na kwamba nisishangae nikisikia yule bwana amepata dhamana. Alinishauri nibadili makufuli na nishushe kibao chenye jina langu.

Nimekishusha leo asubuhi. Mwambie mkurugenzi wako nimesema aiache sura yako ilivyo, na hereni yake iliyoyeyuka.

Neno la mwisho sikutaka kukuandikia, lakini tumeshafichana vya kutosha. Walipokuwa wanamtoa yule bwana na pingu, alisimama mlangoni. Askari wakamwacha kidogo kwa sababu aliomba kwa heshima. Sura yake ya mwanzo ilikuwa imesharudi mahali pake, safi, kama vile sikuona kitu. Alisogea upande wa sikio langu zima. Sijui alilijuaje.

"Zichape zote, bwana," akaniambia. "Nitazifuata mwenyewe."

Kaka yako,
Lenzi